Msimu Gode Aliponyamaza

Sisi tuliokulia kwenye vilima vya Kibondo wakati kijiji kizima kilikuwa na redio moja, nayo ikiwa dukani kwa Mzee Shabani aliyetoka Ujiji, tunatambuana hata leo tukikutana stendi ya Kasulu. Ukimwona mtu wa makamo anavua viatu kabla ya kuvuka dimbwi ili visiharibike, huyo ni mwenzetu. Ukimwona anafuta sahani kwa kidole mpaka mawese yote yameisha, huyo naye ni mwenzetu. Watoto wa siku hizi huacha nusu ya ugali wakisema wameshiba, kisha baada ya muda mfupi wanaomba hela ya chipsi.

Asubuhi za Juni baridi ilikuwa inauma masikio. Tulikimbia mchakamchaka pekupeku kwenye njia yenye umande, fagio kwapani, na aliyesahau fagio alijua kitakachompata. Mikono ilikufa ganzi hivi kwamba kushika kalamu ilikuwa kazi. Jua likipanda, tulijipanga ukutani upande wa mashariki wa darasa kama mijusi, kila mmoja akimsukuma mwenzake apate mahali penye joto. Jioni wasichana tulicheza mdako kwa vijiwe vyeusi vya mtoni na rede kwa mpira wa matambara. Hakuna aliyetununulia kitu cha kuchezea, na wala hatukujua kwamba vitu vya kuchezea hununuliwa.

Mvua kwetu ilikuwa sherehe. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi walitoka ardhini, nasi tulifunika vichuguu kwa majani ya mgomba tukawakusanya kwenye beseni. Siku chache baadaye ulikuwa msimu wa uyoga. Mama aliupika na karanga zilizotwangwa, na nyumba nzima ilinukia msitu. Mtoto aliyecheza kwenye mvua alichapwa kidogo, kisha akakaushwa kwa kanga ya mama, akapewa uji wa moto. Nadhani wengi wetu tulicheza mvuani kwa ajili ya ile kanga.

Ndiyo maana mvua ilipotugeuka hatukuwa na maneno ya kuielezea.

Bibi yetu, mama yake baba, alikuwa mtu wa Munanila, karibu na mpaka wa Burundi. Alikuwa mfupi, mwenye kiko, na kila jambo lililohitaji kutembea alimtuma mdogo wangu Gaudensia, tuliyemwita Gode. Mimi nilikuwa darasa la nne. Gode alikuwa hajaanza shule, na alilala na Bibi, alikula na Bibi, na akikohoa alikohoa kama Bibi. "Gode, niazime miguu," Bibi alisema, naye alikuwa ameshainuka. Kazi yake kubwa ilikuwa mihogo. Mama aliloweka mihogo bondeni, akaileta ikiwa laini, akaianika kwenye jabali nyuma ya jiko la Bibi. Mawingu yakionekana upande wa Burundi, Gode ndiye aliyepaswa kuianua na kuiingiza ndani.

Siku ya mvua ile nilikuwa shuleni. Ilianza mchana kwa upepo, ikafuata mvua ya mawe, na mawe yenyewe yalikuwa makubwa kama vijiwe vyetu vya mdako. Mwalimu alituambia tuingie chini ya madawati. Mabati ya darasa letu yalipiga kelele, yakakunjika, yakaondoka, nasi tukaiona mbingu pale ambapo hatukuwahi kuiona. Ilipotulia tulikimbia nyumbani. Migomba yote ilikuwa imelala upande mmoja, kama nywele zilizochanwa. Mihogo shambani ilikuwa imeng'olewa na kuanguka. Kuta za udongo zilikuwa zimeanguka kwa Mzee Petro, kwa Mama Anatolia, na kwetu. Kwetu ulikuwa ukuta wa jiko, na Bibi alikuwa ndani.

Gode walimkuta amechuchumaa nje, amejibanza kwenye ukuta wa nyumba kubwa, tope mpaka kifuani, macho wazi.

Sasa niwaeleze watu wa rika langu jambo ambalo tunalijua sote lakini hatulisemi. Wazazi wetu walitupenda, na njia yao ya kutulinda ilikuwa kutuficha. Siku ya mazishi sisi watoto tulipelekwa nyumba ya tatu, tukapewa maharage tuyapukuchue. Gode aliambiwa Bibi amekwenda kwao Munanila. Mimi mama alinivuta pembeni akasema, "Yusta, wewe ni mkubwa. Usimwambie mdogo wako, moyo wake bado mdogo." Nilijivuna kidogo kwa kuitwa mkubwa, nikanyamaza.

Mtoto akilia, kwetu anaambiwa kwa Kiha "ihorere", maana yake tulia, nyamaza. Ni neno la upole. Akina mama hulisema huku wakimpapasa mtoto mgongoni. Gode aliambiwa ihorere na kila mgeni aliyekuja kutupa pole, na kila aliyekuwa na huruma aliongeza yake. Mwishoni alitii. Alinyamaza kabisa. Majirani walimsifu. "Tazama mtoto huyu alivyo na moyo," walisema, "hata machozi hana." Ilichukua siku kadhaa mama kutambua kwamba hakuwa ameacha kulia tu. Alikuwa ameacha kusema. Hakusema na mama, hakusema na mimi chini ya blanketi, hakusema hata na mbuzi, na zamani mbuzi wetu walisimuliwa kila kitu.

Juu ya hilo kulikuwa na mwiko. Wazee wa kijiji chetu waliamini kwamba mvua iliyoua haitajwi mpaka msimu wake uishe. Ukiitaja, inarudi kumalizia. Kwa hiyo kijiji kizima kiliezeka upya, kikafukia, kikakandika kuta, na hakuna aliyesema kilichotokea. Watu walisema "tangu ile siku" au "kabla ya mambo yale", kisha wakaangalia juu.

Gode alikuwa na mambo mawili tu aliyoyafanya. Asubuhi alikwenda kukaa kando ya barabara, mahali magari ya kutoka upande wa Munanila yanapopita, akatazama kila aliyeshuka. Mchana aliokota maganda ya mihogo, akayapanga juu ya jabali, akakaa. Ghafla aliyakusanya yote kwenye gauni lake, akakimbia nayo mpaka kwenye kifusi cha jiko, akayamwaga. Kisha alirudi akayapanga tena. Alifanya hivyo mpaka jioni. Mama alipomwona mara ya kwanza alidhani ni mchezo. Alipomwona siku iliyofuata, na iliyofuata, alianza kuogopa. Akayachukua yale maganda akawapa mbuzi. Gode alitafuta mengine.

Baba hakuwa mtu wa maneno hata kabla ya hapo. Baada ya kumzika mama yake alibaki na maneno ya kazi tu: leta, shika, ondoa. Jioni moja alimwambia mama, nami nikisikia, kwamba mtoto hatapona akiendelea kupaona pale. Barabara ikikauka, lori la tumbaku litaanza kupita. Atampeleka Gode kwa baba mdogo Tabora, akae huko mpaka asahau.

"Asahau nini," mama aliuliza, "na hatujamwambia kitu?"

"Ndiyo maana ni rahisi," baba alisema.

Tangu hapo kila asubuhi nilikwenda kutazama barabara. Sikutaka ikauke. Watoto wenzangu waliomba jua lirudi ili tucheze rede, na mimi peke yangu niliomba matope.

Mihogo iliyoanguka haisubiri. Inachipua, inaoza, au nguruwe pori wanaifikia. Wanawake wa kijiji wakapanga zamu: leo wote kwa Mama Anatolia, kesho kwa mwingine, wakimenya mihogo ya nyumba nzima na kuipeleka bondeni kulowekwa. Zamu yetu ilipofika, mmoja wa waliokuja alikuwa Mama Siriaki.

Mama Siriaki alivuka kutoka Burundi akiwa msichana aliyeolewa karibuni, akapewa shamba pembeni ya kijiji, akabaki. Wengine walimwita Redio, kwa kuwa haikuwahi kutokea azimike. Alicheka kwa sauti kanisani. Alisema mambo ambayo watu wazima wa kwetu hawakuyasema mbele ya watoto. Na lililowakera zaidi ni jina lake. Siriaki alikuwa mtoto wake wa kwanza, aliyekufa kwa homa akiwa mchanga, njiani wakati wa kukimbia vita. Baadaye alizaa wengine watatu, wazima kabisa, lakini ukimwita kwa jina la mmojawapo hakuitika.

"Mtu gani anabeba jina la maiti," mama alisema siku moja.

"Ni la mtoto, si la maiti," Mama Siriaki alimjibu akicheka. "Ninyi mkiniita, yeye anakuwa ametajwa. Mnanisaidia kazi na hamjui."

Siku hiyo aliketi chini, miguu ameinyoosha, kisu mkononi, lundo la mihogo mbele yake. Mimi nilikuwa nimepewa kisu kidogo. Gode alikuwa nyuma yetu, kwenye jabali na maganda yake. Wanawake walizungumza bei ya chumvi na kuku walioibwa. Mama Siriaki akasema, kama mtu anayeendelea na habari hiyohiyo:

"Mimi ile mvua ya mawe ilinikojoza. Mtu mzima na meno yangu. Niliingia chini ya kitanda, nikamkuta mume wangu ameshatangulia."

Visu vilisimama. Mwanamke mmoja aliangalia juu, na mama akasema taratibu, "Mama Siriaki, watoto."

"Watoto walikuwepo, mwenzangu. Mvua haikuwafunika macho." Akaendelea kumenya. "Nilimwambia, sogea, bwana, niogope na mimi."

Mimi nilicheka. Sikukusudia, lakini picha ya yule mume wake mrefu chini ya kitanda ilikuja yenyewe. Nilipogeuka nilimwona Gode ameacha maganda. Alikuwa anamtazama Mama Siriaki mdomoni. Mpaka siku ile hakuna mtu mzima aliyetuambia kwamba aliogopa. Sisi tulidhani woga ulikuwa wetu peke yetu, na kwamba wao walinyamaza kwa sababu hawakuwa na cha kusema.

Zamu yetu iliisha, lakini Mama Siriaki alirudi kesho yake, na kesho kutwa, kwa kisingizio cha kisu alichosahau, kisha cha mbegu. Hakumwita Gode. Hakumshika kidevu amtazame, kama walivyofanya wageni wengine waliomwambia, "Hebu sema shikamoo basi." Alikaa karibu na lile jabali, akachukua kazi yoyote, akaendelea kusema na yeyote aliyekuwa karibu. Gode alipokusanya maganda na kukimbia, Mama Siriaki alimtazama mpaka akarudi. Mara ya pili aliuliza, "Mvua inakuja?"

Gode alisimama.

"Nauliza tu. Kama inakuja, mimi nina mikono miwili, naweza kuanua upande huu."

Gode aliitazama ile mikono. Kisha akasogea kidogo, akamwachia nusu ya jabali.

Walianua maganda siku ile mpaka mama alipochoka kuwatazama akaingia ndani. Mama Siriaki alikimbia na kanga yake imejaa maganda, matako yakimtikisika, akisema, "Haraka, haraka, hiyo imefika kwa Petro," akayamwaga kwenye kifusi, akarudi akihema. Mpita njia angesema mwanamke huyu amerukwa na akili. Wengi walishasema. Mimi nilipima jambo moja tu: Gode alikuwa anamsubiri warudi pamoja. Kabla ya hapo alikimbia peke yake.

Siku ambayo barabara ilikuwa imekauka, baba alitoka mapema kwenda kuuliza habari za lori. Mama alifunga nguo za Gode kwenye kitambaa cha meza, akakifungua, akakifunga tena. Mama Siriaki alikuja na maharage yake mwenyewe kwenye ungo, akakaa mahali pake. Gode alipanga maganda. Alikaa. Tulisubiri akusanye, lakini safari hii hakukusanya. Aliyatazama tu.

Akasema, "Nilisahau."

Sauti ilikuwa imekwaruza, kama ya mtu aliyeamka. Mama alitokea mlangoni. Mama Siriaki hakuinua macho kutoka kwenye maharage, akatupa jiwe moja pembeni.

"Ulisahau nini, mwana wanje, mwanangu?"

"Kuanua. Bibi aliniambia nianue mihogo. Nilikuwa nacheza. Bibi akaanua mwenyewe. Akaiingiza jikoni." Aligusa ganda moja. "Ndiyo maana ameondoka. Amekasirika, amekwenda Munanila."

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, vingine nimevinunua kwa kujinyima, na kila kinachozungumzia watoto na majanga kinasema jambo hilo kwa namna yake: mtoto asiyepewa maelezo hutunga yake, na katika yale anayotunga, mwenye kosa karibu kila mara ni yeye. Kwetu hatukuwa na vitabu hivyo. Tulikuwa na mtoto aliyebeba kifo cha bibi yake kwa wiki nyingi, na sisi tulikuwa tumemwongezea mzigo kwa kumwambia bibi huyo yuko hai na hataki kurudi.

Mama alikuwa ameanza kuja, mkono umeinuliwa, neno lile la upole liko mdomoni. Mama Siriaki akamwambia bila kugeuka, "Mwache, dada. Ndiyo anaanza." Kisha akamsogelea Gode mpaka mabega yao yakagusana.

"Bibi yako hajakwenda Munanila," alisema. "Bibi amekufa. Ukuta wa jiko ulimwangukia siku ya mvua. Wamemzika pale juu, kwenye kahawa. Hajakukasirikia."

"Kwa sababu ya mihogo."

"Tuangalie kama ni mihogo. Kwa Mzee Petro ukuta ulianguka?"

Gode akatikisa kichwa kukubali.

"Petro alikuwa ameanika mihogo?"

Gode alifikiri. "Hana mihogo. Ana ndizi."

"Kwa Mama Anatolia?"

"Walikuwa sokoni wote."

"Na ukuta?"

"Ulianguka."

"Basi mvua haikuuliza nani ameanua na nani hajaanua. Ililowesha udongo, upepo ukasukuma. Ungeanua, ungekuwa na Bibi jikoni, na leo ningekaa hapa na ungo wangu peke yangu."

Gode aliuliza, "Bibi aliniita?"

Hapo nilimtazama Mama Siriaki nikingoja aseme hapana, kwa kuwa ndilo lililokuwa jibu zuri. Aliuweka ungo pembeni.

"Sijui," alisema. "Sikuwepo. Nisingependa nikudanganye."

Ndipo Gode akalia. Hakulia kama mtoto aliyechapwa. Alilia kwa tumbo, akitetemeka, kamasi zikimtoka, na Mama Siriaki alimshika tu, akisema, "Ndiyo. Ndiyo." Mama alikaa chini upande wa pili. Hakusema ihorere. Alikuwa analia yeye mwenyewe.

Baba alitukuta hivyo. Alikuja na habari kwamba lori linapita kesho asubuhi, akasikia kilio tangu njiani, akadhani kuna msiba mwingine. Alipoelewa, uso wake ulibadilika.

"Umemwambia nini mtoto wangu?"

"Yeye ndiye ameniambia, shemeji," Mama Siriaki alijibu. "Mimi nimejibu."

"Nani alikutuma? Huna kwako?"

"Ninako. Nimeacha chungu motoni, kimeshaungua."

Baba alifungua mdomo kumfukuza, na naamini angemfukuza. Lakini Gode aliinuka, uso umevimba, akamwendea akamshika suruali.

"Baba," alisema, "Bibi amekufa."

Ilikuwa sauti yake ya kawaida, ya kumpa mtu habari. Baba alibaki amesimama. Kulikuwa na kinu kimelazwa pale uani. Alikaa juu yake polepole kama mtu anayeumwa mgongo. Tangu ile siku hakuna aliyemsikia akilitamka neno lile kuhusu mama yake.

"Ndiyo," alisema. "Amekufa. Mama yangu amekufa."

Gode akapanda kwenye paja lake. Mama Siriaki akachukua ungo wake akaenda kuangalia chungu.

Asubuhi lori la tumbaku lilipita. Tulilisikia likibadilisha gia kwenye mlima. Baba alikuwa uani akikandika ukuta wa jiko, na hakuinua kichwa. Gode alikuwa anampelekea udongo kwa viganja, akiuliza maswali aliyokuwa ameyahifadhi kwa wiki zote zile. Bibi amezikwa na viatu? Ana blanketi? Kiko chake kiko wapi? Mvua ikinyesha, huko chini analowa? Baba alijibu kila swali, na yale asiyoyajua alisema hayajui. Nilishangaa kuona ni maneno mengi kiasi gani baba yetu alikuwa nayo.

Sitaki kuwapamba watu wangu. Gode hakupona siku moja. Alikojoa kitandani mpaka mwaka mwingine, na wingu jeusi lilimfanya ang'ang'anie sketi ya mama. Mama naye alijifunza. Mawingu yalipotanda, hakusema tena "usiogope". Alisema kwa sauti nini kitafuata: "Itanyesha. Yusta, ingiza kuni. Gode, njoo tuanue wote. Tukimaliza tunakaa nyumba kubwa, na mlango nafunga mimi." Kila mtu alikuwa na kazi, na kila mmoja alijua mwenzake yuko wapi. Kuhusu mwiko, wazee walinung'unika kwamba nyumba yetu inaitaja mvua ovyo. Msimu uliisha, na haikurudi kummalizia mtu.

Mama Siriaki alipata uraia baadaye, akahamia Murungu na wanawe, akafia huko akiwa mzee. Gode anauza dagaa soko la Kasulu. Ana mdomo ambao wateja wanaufuata kuliko dagaa wenyewe.

Nikilinganisha enzi zile na sasa, najitahidi kuwa mwenye haki. Siku hizi redio inazungumza wazi kuhusu hofu za watoto. Baada ya upepo kuezua shule, huja watu waliosomea, wanakaa na wanafunzi, wanawapa karatasi na rangi wachore. Ni jambo jema, na sisi tungelihitaji. Ila wanakuja, wanaondoka, na mtoto anarudi nyumbani. Nyumbani hakuna tena mihogo ya kumenya wanawake kumi pamoja. Unga unanunuliwa, maharage yanauzwa yamechambuliwa, na mtu mzima ana haraka. Ile saa ya kukaa bega kwa bega na mtoto, mikono ina kazi na mdomo uko huru, imetutoka mikononi na sikumbuki tuliiacha wapi. Na vijana wetu, Mungu awahurumie: bati likiruka, sisi tulikimbia. Wao wanasimama wakirekodi, wakisema "noma sana", kisha wanalalamika kwamba bando limeisha kabla hawajairusha video.

Msimu uliopita upepo ulizoa paa la jirani upande wa Kitahana, ninakoishi sasa. Nilikwenda kuwapa pole. Mama wa nyumba alinikaribisha kwenye chumba kilichobaki na paa, akanionyesha binti yake Neema, mwenye miaka kama saba, ameinamia simu ya kaka yake. "Huyu hana shida," aliniambia. "Haulizi kitu. Nimempa simu, ametulia."

Nilikaa kwenye mkeka karibu na Neema. Alikuwa anatazama video ambayo kaka yake aliichukua akiwa barabarani: paa linainuka, linasimama hewani kama linafikiri, linaanguka kwenye migomba. Ikiisha, alibonyeza ianze upya. Nilitafuta kitu cha kushika mikononi, chochote cha kuchambua au kumenya, na nyumba haikuwa nacho. Kwa hiyo niliinamia ile simu, nikaitazama pamoja naye mara kadhaa.

Kisha nikauliza, "Hapa wewe uko wapi?"

Neema aliitazama video mpaka mwisho. Akaweka kidole kwenye mkeka, pembeni ya simu, mahali pasipo na picha.

"Hapa," alisema. "Siko humu. Nilikuwa ndani, chini ya meza, na mlango ulikuwa umegoma."

"Nieleze mlango ulivyogoma."

Akaanza. Alisimulia taratibu, akirudi nyuma kila aliporuka kitu, na mama yake akaacha alichokuwa anafanya akaja kukaa. Katikati ya habari simu ilizimika kwa kukosa chaji. Neema aliigeuza, akailaza kifudifudi, akaendelea kusema.